Barabara ya Cairo hadi Cape Town: sisi wa Kanda ya Ziwa tunaingilia wapi?

Njiapanda Usagara (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikitajwa barabara ya Cairo hadi Cape Town humu ndani, hakosi mtu wa Mwanza kusema hiyo ni ya watu wa Arusha na Mbeya, sisi inatupitia mbali. Kazi yangu ni kupakia na kusindikiza mizigo, na kauli hiyo inaniuma. Naona tunajitoa wenyewe kwenye jambo linalopanga bei ya samaki wetu, pamba yetu na bidhaa zote zinazoingia mjini kwa lori. Naombeni tulijadili kwa kituo.

Tuanze na barabara yenyewe. Mwaka 1971 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Uchumi wa Afrika ilikuja na mpango wa kuziunganisha nchi za bara hili kwa barabara kuu. Mpango huo leo una njia tisa, jumla yake kilomita 56,683. Ya Cairo ndiyo namba 4, ina kilomita 10,228. Ukisoma orodha ya mwanzo utakuta imeandikwa Cairo hadi Gaborone, kwa sababu Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi haikuwekwa kwenye mpango. Cape Town iliingia rasmi baadaye, makaburu walipoondoka madarakani.

Kwetu Tanzania inaingilia Namanga, inapita Arusha, Babati, Kondoa, Dodoma, Iringa, Makambako, Mbeya, inatokea Tunduma. Watu wa Arusha wanakwambia pale Mnara wa Saa ndipo katikati ya Cairo na Cape. Sawa, tuwaachie.

Sasa chukua gunia la dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mnunuzi wa Lubumbashi akishafunga mzigo, lori linatoka Mwanza, Shinyanga, Tinde, Nzega, Singida, Manyoni. Likifika Dodoma limeshaingia namba 4. Kutoka hapo linakwenda nayo Iringa, Mbeya, Tunduma, linavuka Zambia kwa Mpika na Serenje mpaka Kapiri Mposhi. Hapo ndipo linaiacha na kukata kaskazini kwenda Ndola na Kasumbalesa. Dagaa aliyeanikwa Ukerewe amekaa juu ya barabara ya Cairo siku zote hizo. Foleni ikiwa Tunduma, anayelipa ni mama aliyeanika.

Huo ni mlango wa kusini. Wa mashariki mnaujua: Kisesa, Magu, Lamadi, Bunda, Tarime, Sirari, kisha Migori, Kisii, Narok mpaka Nairobi. Na Nairobi ni mahali pakubwa kwenye ramani hii, maana hapo namba 4 inakutana na namba 8, ile ya Lagos hadi Mombasa, kilomita 6,259.

Wa magharibi ndio ulikuwa mgonjwa wetu. Usagara, Kigongo, halafu unasimama unatazama maji. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia alipozindua Daraja la JPM pale Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, Mwanza ilifunguliwa kwa lami bila kivuko kwenda Sengerema, Geita, Biharamulo, na kutoka hapo ama Bukoba na Mutukula hadi Kampala, ama Rusumo hadi Kigali. Tuko katikati ya njia mbili za bara zima, na sasa tunazifikia pande zote.

Hoja yangu ni hii. Barabara ndefu namna hii mimi naipima kwa pale gari linaposimama: kwenye maji, mpakani, kwenye mizani. Lami ikishakuwepo, hapo ndipo hela zinapopotea, na hapo ndipo sisi watu wa ziwa tunatakiwa kupaza sauti. Nawasilisha, karibuni.

Dagaa Mwaloni

Mkuu umegusa penyewe. Mimi nafungasha dagaa, na swali la kwanza la mteja wa Kongo siku zote ni "Utafika lini?" Bei inafuata baadaye. Dagaa mkavu anavumilia, lakini akipigwa mvua turubai likiwa na tundu, au akikaa juani siku nyingi mpakani, anabadilika rangi na harufu. Mteja akifungua gunia akakuta amekuwa mwekundu, hiyo hasara ni yako na mwakani humwoni.

Naomba kuuliza. Kwa nini wengine wanapitishia Rusumo na wengine Tunduma, na wote wanasema wanakwenda Kongo?

Njiapanda Usagara

Dada, Kongo ni nchi kubwa mno na haina barabara moja inayoiunganisha yote. Mzigo wa Goma na Bukavu unafaa Rusumo, unapita Rwanda, ni karibu. Mzigo wa Lubumbashi na Kolwezi unazunguka Zambia. Huwezi kushusha Goma ukategemea lori liuendeshe mpaka Lubumbashi ndani kwa ndani.

Na hilo ndilo lililoiua namba 8 pia. Kutoka Mombasa mpaka Kampala unatembea kwenye lami. Pale Jinja Waganda wamejenga daraja jipya la nyaya juu ya Nile, mita 525, lilizinduliwa Oktoba 2018. Lakini ukishaingia Kongo kuelekea Kisangani na Bangui, msitu, mito na vita vimeikata. Kwenye ramani mstari umeunganika hadi Lagos, ila hakuna lori la Mombasa linalokwenda Lagos.

Tingo wa Zamani

Vijana, nimekaa kwenye semi miaka mingi kabla mgongo haujanitoa barabarani. Hoja ya mleta uzi ya kupima kwa pale gari linaposimama ni ya kweli kabisa, na naomba niongeze nyama.

Kazungula, mpakani mwa Zambia na Botswana, zamani kulikuwa na pantoni. Zambezi pale ni mto mpana na pantoni inabeba lori moja au mawili, sisi tumepangana upande wa Zambia, siku zinakwenda. Unapika ugali chini ya trela, unafua, unaanika nguo kwenye nyaya za turubai. Mwenye mali yuko mjini anapiga simu, umwambie nini? Mei 2021 wamefungua daraja la mita 923, limekunjwa kidogo ili libaki kati ya Zambia na Botswana lisiguse Zimbabwe. Wenzangu waliobaki kwenye kazi wanasema siku hizi unavuka na karatasi zako zinashughulikiwa mahali pamoja.

Na Namanga vilevile, tangu Desemba 2018 kuna kituo cha huduma kwa pamoja mpakani. Tunduma na Nakonde wakafuata Oktoba 2019. Zamani ulikuwa unagonga muhuri wa kutoka huku, unaingia kwenye gari, unasogea hatua chache, unashuka tena kupanga foleni ya kuingia. Sasa maofisa wa nchi mbili wamekaa jengo moja.

Lakini jengo peke yake haliondoi foleni. Mtandao ukikatika, au wakala wako akichelewa kuingiza nyaraka, mnarudi palepale. Nimewahi kulala mpakani kwa sababu wakala wetu aliandika namba ya trela tofauti na iliyobandikwa. Tarakimu moja tu! Kabla gari halijaondoka Mwanza, utingo ashike karatasi mkononi, azunguke gari, asome namba kwa sauti. Akishamaliza namba, achukue nyundo agonge tairi moja moja: iliyojaa inaita, iliyopungua inatoa sauti nzito iliyokufa. Mambo haya mawili yafanyike Mwanza, yasisubiri Singida.

Kisesa Juu

Mleta uzi umeandika vizuri ila umeruka kidonda chetu kikubwa. Arusha iko mashariki yetu palepale. Basi linatoka Nyegezi linakwenda Shinyanga, Nzega, Singida, Babati, ndipo linapanda Arusha. Tunazunguka nusu ya nchi kwa sababu ya nyumbu. Ile barabara ya Serengeti wangeiachia ikajengwa, Mara na Mwanza tungeifikia namba 4 kwa muda mfupi sana. Kwa nini mnaogopa kulisema hili?

Njiapanda Usagara

Siogopi mkuu, na nimelifikiria kwa muda mrefu.

Mpango ule ulikuwa ni kutoka Mugumu kupita kaskazini ya hifadhi hadi Loliondo, kisha Mto wa Mbu. Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ikasema barabara ya lami kupita katikati ya hifadhi ingekiuka mkataba wa Jumuiya. Watu wengi hapa waliipokea hukumu ile kwa uchungu, wakaona wanyama wamethaminiwa kuliko wao. Uchungu huo nauelewa, maana nauli ya kuzunguka tunalipa sisi.

Lakini niambie ukweli wako. Nyumbu zaidi ya milioni moja wanavuka ukanda ule kila mwaka kufuata nyasi na maji ya Mto Mara. Ukiweka pale lami na malori ya mizigo usiku kucha, utajenga uzio au utakubali ajali? Ukijenga uzio umeua msafara wao, na msafara ukifa, watalii wanaolala Bunda, Lamadi na Mwanza wenyewe watafuata nini? Mimi nasimama na hukumu ile.

Ninachodai ni njia ya kusini ya hifadhi: Karatu, Mbulu, Haydom, Sibiti, Lalago, Maswa. Daraja la Sibiti lipo, limeunganisha Meatu na Mkalama. Njia hiyo inapita kwa wakulima wa pamba, alizeti na vitunguu, watu ambao wengi wao kwa miaka yote hawakuwa na lami. Ikikamilika yote kwa lami, Simiyu na Mwanza wanaifikia Karatu na Arusha bila kumgusa mnyama hata mmoja. Kelele tulizopigia Serengeti, nusu yake tungezipigia Haydom, tungekuwa mbali. Kila mbunge wa Kanda ya Ziwa aulizwe kuhusu njia hii kwa jina, kipande kwa kipande.

Kisesa Juu

Hapo kwenye Haydom nakubali. Ila ujue watu wa Mugumu hawatafurahi, wao Sibiti haiwasaidii.

Njiapanda Usagara

Kweli, haiwasaidii. Wao wanastahili lami mpaka mlangoni mwa hifadhi upande wao, kutoka Musoma na Bunda, na hospitali na soko zao zifikike masika. Hiyo hakuna mahakama iliyoikataza.

Mzawa wa Busisi

Naomba nami niseme, maana kila mtu anashangilia daraja.

Mama yangu ametusomesha kwa samaki wa kukaanga pale kivukoni. Abiria walikuwa wanashushwa kwenye basi wanatembea kwa miguu kuingia kwenye kivuko, na hapo kati ndipo biashara. Sato wanapangwa kwenye sinia la bati wakiangalia upande mmoja, limao limekatwa pembeni, chumvi na pilipili kwenye karatasi ya gazeti. Kuna waliouza mayai, miwa, maji, kahawa ya usiku. MV Misungwi ikichelewa, ndiyo mnauza zaidi. Leo basi linapita juu, dakika chache limefika ng'ambo, dereva hana sababu ya kusimama.

Sisemi daraja libomolewe. Usiku kulikuwa na wajawazito na majeruhi wanaopelekwa Bugando wanasubiri kivuko, na nimeyaona kwa macho yangu, gari la wagonjwa limezima taa, ndugu wamekaa kwenye mawe wanaomba Mungu. Hilo limekwisha na nashukuru. Nauliza tu, waliokuwa wanaishi kwa kusimama kwa magari, barabara hii ya kimataifa imewapangia nini?

Njiapanda Usagara

Ndugu yangu, umeuliza swali la haki kuliko yote kwenye uzi huu.

Nitasema ninavyoona mimi. Madereva wa safari ndefu lazima wapumzike, na sasa Mwanza hadi Rusumo hakuna tena mahali pa kulazimika kusimama. Panatakiwa maegesho halali ya malori, yenye taa, vyoo safi, maji na mabanda ya chakula, pale Usagara upande huu na Busisi au Sengerema upande wa pili. Halmashauri zikitenga eneo na mabanda wakapewa kwanza wale waliokuwa kivukoni, mama atauza kwa dereva aliyelala, ambaye ananunua chakula cha usiku na cha asubuhi. Bila mpango huo magari yataegesha ovyo pembezoni, ajali zitatokea, na mabanda yatakuja kuchukuliwa na wenye mtaji wa mjini. Wakati wa kudai ni sasa, kabla viwanja vya barabarani havijaisha. Wenye mabanda wa zamani wajiorodheshe kwa majina, waende pamoja ofisini, asiende mtu mmoja mmoja.

Lamadi Stendi

Naunga mkono. Lamadi ilikua hivyohivyo, njiapanda ikazaa mji.

Mzee wa Ngara

Wanangu, nawasalimu.

Nimesoma mnavyoitaja Rusumo kama mpaka wa mizigo. Nami nitaje mengine. Daraja la zamani pale lilikuwa jembamba, lori linapita moja moja, maji ya maporomoko yananguruma chini. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa siku moja hivi, walivuka watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda. Walivuka kwa miguu, magodoro kichwani, watoto wamefungwa kamba kiunoni wasipotee. Benako iligeuka mji wa maturubai. Sisi wa Ngara tuligawana nao kuni na maji mpaka visima vikakauka.

Leo kuna daraja jipya na kituo cha pamoja, kilizinduliwa na Magufuli na Kagame Aprili 2016. Malori yanapita usiku na mchana. Mkizungumza habari ya kufungua barabara za bara, mjue barabara inabeba na watu wanaokimbia, na walio mwisho wake ndio wanaowapokea. Vijiji vya mpakani vijengewe maji na zahanati za kutosha, visibaki kuangalia malori.

Njiapanda Usagara

Shikamoo mzee wangu. Asante sana kwa kulileta hili. Nilikuwa nalitazama daraja la Rusumo kwa tani tu.

Wadau, ongezeni na maji na zahanati za mpakani kwenye orodha ya madai. Mzee kalisema mwenyewe, na anayajua kuliko sisi.

Dagaa Mwaloni

Swali la mizani mkuu. Dagaa ni mwepesi, gunia kubwa kilo kidogo. Kwa nini bado gari letu linasumbuliwa?

Tingo wa Zamani

Nimjibu mimi. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu jumla ya tani 56 kwa gari lenye ekseli saba, lakini kila kundi la ekseli lina kiwango chake pia. Unaweza kuwa chini ya jumla na bado ukakamatwa kwa ekseli ya nyuma. Wapakiaji wa Mwaloni wanapenda kuchanganya, chini wanaweka samaki wa chumvi na mabondo (vile vifuko vya hewa vya samaki), juu dagaa, na vile vizito vyote vinajikuta mkiani kwa sababu vimeletwa mwisho. Mwambie msimamizi vizito viende mbele na katikati, mkiani abaki dagaa mtupu. Na turubai likiloa mvua ya usiku nalo lina uzito wake, likunjueni lichuruzike kabla ya kupanda mizani.

Binti Nansio

Wakuu, mimi nina swali la tofauti. Mimi na mume wangu tuna gari dogo la juu, tumeweka akiba, tunataka kwenda Cairo kwa barabara kutoka Mwanza. Inawezekana? Tupite Sirari?

Njiapanda Usagara

Dada, hongereni kwa wazo. Nitakujibu kwa uwazi.

Kupita Sirari ni sahihi. Nairobi, Isiolo, Marsabit, Moyale yote ni lami siku hizi, kipande kile ambacho zamani magari yalikuwa yanakwenda kwa msafara wakiogopa majambazi. Moyale ukivuka tu unahamia kulia, Ethiopia wanaendesha upande wa kulia, na Sudan na Misri vilevile. Dereva awe amelala vizuri kabla ya kuvuka, maana hatari iko kwenye mzunguko wa kwanza asubuhi, mazoea yanakurudisha kushoto.

Tatizo liko mbele. Tangu tarehe 15 Aprili 2023 Sudan iko vitani, na namba 4 inapita Khartoum. Hiyo barabara kwa msafiri wa kawaida imekatika, na sitakushauri ujaribu kuizunguka. Inauma, kwa sababu upande wa Misri walishaondoa kikwazo cha maji. Zamani ulikuwa unapanda meli Aswan mpaka Wadi Halfa kupitia Ziwa Nasser, sisi wa Kigongo tungewaelewa vizuri. Sasa kuna vituo vya nchi kavu. Ndiyo maana nasema lami na madaraja ni nusu ya kazi. Morocco na Algeria wana barabara nzuri kwenye njia namba 1 ya Cairo hadi Dakar, lakini mpaka wao umefungwa tangu 1994.

Kama hamu yenu ni barabara yenyewe, geuzeni kusini. Mwanza, Singida, Dodoma, Iringa, Tunduma, Lusaka, Kazungula, Gaborone, mpaka Cape Town. Nchi zote hizo mnaendesha kushoto kama nyumbani. Dodoma hadi Babati ni lami tangu 2018, kwa hiyo mnaweza hata kurudi kwa kupitia Arusha.

Karatasi: pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kadi ya gari yenye jina lenu, na ile bima ya gari ya kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye bima hiyo tumo, ulizeni kampuni ya bima kabla ya kuondoka, msinunue kwa watu wa mpakani. Gari likiwa na jina la mtu mwingine, chukueni barua yake iliyogongwa muhuri wa wakili.

Binti Nansio

Asante sana kaka. Gari lina jina la mume wangu. Basi tutageuza kusini. Tunatoka na kivuko cha Nansio asubuhi, tunaweza kulala Singida siku hiyohiyo?

Njiapanda Usagara

Kivuko kikiwahi mnaweza, ila mtaingia Singida usiku na mmechoka. Laleni Mwanza mjini, jazeni mafuta, mmuoneshe fundi breki na spea ya tairi, muondoke alfajiri. Dodoma mtafika mchana bado upo. Siku ya pili Mbeya, msiendeshe usiku kwenye milima, malori ni mengi na yanapanda taratibu. Siku ya tatu muwahi Tunduma asubuhi, foleni ya magari madogo ni tofauti na ya malori, msijipange nyuma ya semi.

Niandikieni hapa aina ya gari na mwezi mnaotaka kuondoka. Tingo wa Zamani anaijua Zambia kilomita kwa kilomita, atawaambia pa kulala na pa kuongeza mafuta.

Tingo wa Zamani

Nipo. Kabla ya yote, mwanangu, nitajie ukubwa wa tangi la mafuta. Kati ya Nakonde na Mpika ndipo wageni wanapoishiwa.